Masikio Mapana ya Renatus

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Nimezaliwa upya! Jana baada ya misa, Luhende fundi baiskeli alimwambia Mwalimu Hyasinta kwamba upepo wa ziwani ukivuma kidogo tu, masikio yangu yatanifikisha Butiama bila nauli. Hyasinta akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi ndiye ninayempenda!

Leo nikaenda Nyamuswa kumlilia Padre Stanislausi. Padre alisomaga lugha za kale. Akaniambia nisilie. Watu wa Babeli, kwa Kiakadi chao, sikio waliliita uznu, na neno hilo hilo ndilo akili. Mwenye hekima nyingi alisifiwa kuwa na sikio pana. Pana! Nikajitazama kwenye kioo. Mimi ni profesa.

Mpango: sikio ni akili, basi kuosha sikio ni kuosha akili. Darasa la saba wana mtihani mwezi ujao. Nitawaosha wote. Watafaulu. Mwalimu wao Hyasinta ataniangukia kifuani.

Jumatano, 6 Agosti
Duka la ushirika halijaona sabuni tangu Pasaka. Ila Salum, mfanyabiashara wa hapa Bunda, kaleta ya waridi kutoka Kenya, sasa biashara imefunguliwa. Salum anasema Waarabu nao sikio huliita udhuni, na adhana imetoka humo humo. Ushahidi! Nikamwagiza Burito, mchora vibao, aandike MTAALAMU WA UZUNU. Akaniuliza mara mbili. Nikamjibu achore tu, asinifundishe Kiakadi.

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa! Kibao mlangoni kwangu kinasema MTAALAMU WA HUZUNI. Burito anadai amenisahihishia, tena bure.

Kabla sijakishusha, Mama Hana wa Guta akaingia, akakaa, akaanza kulia. Mumewe karudi kutoka machimboni na mke mwingine na redio. Mke mwenzie anaigusa redio, yeye haruhusiwi. Mimi nimesimama na beseni. Nifanye nini? Padre alisema masikio mawili kwa Kiakadi ni uznān. Nikayatega yote mawili. Akaondoka anaimba!

Hadi mchana foleni imeipita ya sukari. Mjane, mgomvi, aliyeibiwa mbuzi. Mwanafunzi hata mmoja hakuja.

Jumapili, 10 Agosti
Nani kaja? Luhende! Analia kama ndama aliyeachishwa ziwa.

“Ndugu yangu Renatus, Hyasinta hanitaki. Nifanyeje?”

Moyoni nilicheza ngoma. Akaanza kunieleza sababu ya kukataliwa, nikamkatiza. Sababu za nini? Nikampa ushauri wa kumzika kabisa: aende kwao Hyasinta leo leo, akae kimya kama gogo, asitie hata neno. Hyasinta atamwona zuzu! Akanishika mikono yote miwili kunishukuru. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 12 Agosti
Hyasinta kaja mwenyewe! Nilijipaka mafuta mpaka masikioni.

Kaja kunishukuru. Mwaka mzima Luhende alikuwa akimwongelesha habari za spoku na minyororo, mpaka akamchoka. Lakini Jumapili alikaa kimya, akamsikiliza, yeye akaeleza ya moyoni mwake mpaka jua likazama. “Kumbe ana masikio, shemeji! Umemfanyaje?”

Shemeji! Wanaoana Oktoba. Wamenichagua niwe msimamizi wa bwana harusi. Nikakubali, maana nilikuwa nimefungua mdomo na hakikutoka kingine.

Alhamisi, 14 Agosti
Sijashindwa hata kidogo. Kosa lilikuwa la neno. Leo Padre kanipa jingine: libbu. Maana yake moyo, na maana yake tumbo pia! Nilipoa kwa Hyasinta na kuwaka kwingine papo hapo. Esta, mdogo wake Hyasinta, ni mzuri kumzidi dada yake. Sijui nilikuwa naangalia wapi. Ukilijaza tumbo, umeujaza moyo. Kesho asubuhi nampelekea sato mzima wa kukaanga, na supu ya kichwa juu yake.

Jioni hii Mama Hana kapita mbio kunionya jambo kuhusu Esta na samaki. Sijui kuvimba uso, sijui kulazwa zahanati. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa napara magamba.