Kipa wa Bure

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimewahutubia mashabiki wote wa timu yetu ya mtaa. Yaani nimeandika kwenye kundi letu la simu, lakini ni yale yale. Kule hakuna anayejua kwamba ni mimi. Kule naitwa Mchambuzi Mkuu. Natumia simu ya zamani ya Mama, yenye ufa kwenye kioo. Alinipa nisomee. Nasoma.

Ugomvi ni ule ule. Mwenyekiti wa timu, muuza saruji, hasajili mtu yeyote ila wachezaji huru. Mkataba wako ukiisha na timu yako ikikutema, unamkuta Mwenyekiti nje ya geti anatabasamu, maana hatalipa ada. Kinyozi, mkubwa wa wapiga kelele wote, ameandika kwamba tumegeuka jalala: kila anayetupwa na wenzetu anaangukia kwetu. Winga wa bure ana kitambi. Beki wa bure akipigiwa mpira wa juu anainama. Tumebakiza mechi moja, Jumapili, dhidi ya Ng'ambo ya Reli. Tukifungwa, tunashuka daraja.

Nimemjibu kwa utulivu, kwa msaada wa sura ya nne ya kitabu cha biashara. Nimeeleza kwamba mchezaji huru si takataka, ni mali ambayo soko halijaiona. Kosa la Mwenyekiti si kubana matumizi. Kosa lake ni kubana nusunusu. Anayebana abane kila idara, kuanzia golini! Hayo ya golini niliyaweka kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia vibaya.

Vidole gumba vimemiminika. Mmoja ameuliza kama niliwahi kufundisha mpira nje ya nchi. Sikukanusha.

Kaka yangu ndiye kipa wa timu. Amesoma maneno yangu kwa sauti, kitandani kwake, hatua mbili kutoka kitandani kwangu. Amesema huyu Mchambuzi lazima ni mzee aliyestaafu, wajukuu wake hawamtembelei. Nimecheka ndani ya shuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimenyolewa. Kosa kubwa.

Kibandani kwa Kinyozi walikuwa wanajadili Mchambuzi Mkuu tu. Fundi viatu alidai mchezaji wa bure ndiye ghali kuliko wote, kwa sababu unamtibu, unamlisha, halafu unamwonea aibu. Dereva wa lori akapinga. Akawakumbusha kwamba mshambuliaji bora kuwahi kuvaa jezi yetu alikuja bure. Kinyozi akamwambia ni kweli, ndugu yangu, na aliondoka bure pia, tena na jezi yetu.

Kisha Kinyozi akaniuliza maoni yangu kama kijana msomi. Wote wakanigeukia. Nikasema shikamooni. Nilikuwa nimeshawaamkia mara mbili.

Hapo akaapa kwamba atampigia huyo Mchambuzi sasa hivi, hapa hapa, kila mtu asikie. Mashine mkono mmoja, simu mkono mwingine. Mfuko wangu ukaanza kutetemeka chini ya kitambaa! Nikakohoa. Nikakohoa kama mtu anayeaga dunia, mpaka simu ikakata. Kinyozi akashtuka na mashine ikateleza. Sasa nina barabara juu ya sikio la kushoto. Amesema ni mtindo. Amesema pia nimwambie Mama anipeleke hospitali.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa.

Mwenyekiti ameandika kwenye kundi asubuhi. Anamshukuru Mchambuzi Mkuu kwa kumfungua macho. Amegundua kwamba mchezaji pekee anayegharimiwa na timu ni kipa: glavu, nauli, sabuni ya kufulia. Kwa hiyo kipa ameachwa. Amepatikana mwingine, huru kabisa, mwenye glavu zake mwenyewe. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbolea, na Mwenyekiti anasema mtu aliyezoea kulinda ghala hawezi kushindwa kulinda goli.

Kaka amesoma akiwa amesimama. Kisha amekaa. Ametoka nje, amefua glavu zake, amezianika dirishani kama kawaida ya kila wiki ya mechi. Mama alipomwita kula, amejibu kwamba ameshiba. Kaka hajawahi kushiba tangu nimjue.

Siku sita kwa wiki analala chini ya magari ya watu akikaza nati. Wanamwita "wewe". Jumapili ndiyo siku wanayoliita jina lake, tena kwa kupiga kelele. Sasa nimemnyang'anya hata hiyo. Mimi, na sura ya nne.

Lazima arudi golini. Lakini Mchambuzi Mkuu hawezi kugeuka ghafla, ni mtu wa msimamo. Anahitajika mtu wa kumshinda. Nimeazima simu ya binamu. Nimejiunga na kundi kwa jina la Sauti ya Busara.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sauti ya Busara ameanza vizuri. Amezungumzia uaminifu, uzoefu, utu. Ameuliza ni timu gani yenye akili inayobadilisha kipa siku mbili kabla ya mechi ya kufa na kupona. Dereva wa lori amekubali. Fundi viatu amekubali. Nilikuwa chini ya shuka na simu mbili, najipongeza.

Ili mjadala uonekane wa kweli, ilibidi Mchambuzi ajibu. Kidogo tu. Tatizo ni kwamba Sauti ya Busara, katika hoja yake ya pili, amechanganya gharama na hasara. Hivi ni vitu viwili tofauti! Mtu anaandikaje hivyo mbele za watu? Nimemrekebisha. Nilipoanza sikuweza kusimama. Ni aya bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kinyozi mwenyewe amesema kwamba hampendi Mchambuzi Mkuu hata kidogo, lakini huyu Sauti ya Busara aende akalale. Kisha wamemtoa kwenye kundi.

Nimebishana na nafsi yangu, na aliyeshindwa ni yule niliyekuwa upande wake.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamua kumwendea Mwenyekiti ana kwa ana, kiume. Njia nzima nilikariri maneno: mzee wangu, nimekuja kuhusu kipa. Nimefika dukani. Ameinua kichwa, ameniuliza nataka nini.

Nimerudi na kilo moja ya misumari. Mama ameuliza ya nini. Nimesema ya shule.

Nimemkuta Kaka anapaka viatu vya mpira dawa, tena anaimba. Nikamuuliza kulikoni. Kumbe kipa wa Ng'ambo ya Reli amevunjika kidole, na kanuni za ligi zinaruhusu mchezaji huru kuandikishwa mpaka leo adhuhuri. Kaka ni mchezaji huru. Wamemchukua bure.

Kesho atacheza dhidi yetu.

Amesema huyo mzee Mchambuzi ana akili kweli. Nimekwenda kuficha misumari.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mlinzi amekuja uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, tochi ikiwa bado kiunoni. Kipindi cha kwanza mpira haukumfikia, na Mwenyekiti alikuwa anapokea pongezi. Kipindi cha pili kipa wetu akaegemea mlingoti. Kinyozi akatutuliza kwamba anasoma mchezo. Alikuwa hasomi kitu. Krosi ya kawaida ikapita pembeni yake ikaingia wavuni, na kilichomwamsha ni shangwe.

Mwishoni tukapata penalti. Tukitoka sare, tunabaki kwenye daraja letu. Winga mwenye kitambi akaweka mpira. Golini Kaka, akipuliza glavu zake.

Hakuupangua tu. Aliudaka!

Nikapiga ukelele. Nikaruka, nikaliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilipofungua macho nilikuwa katikati ya mashabiki wetu, mimi peke yangu nimesimama. Fundi viatu akauliza huyu mtoto ni wa nani. Kinyozi akasema kumbe kifua kimepona.

Tumeshuka daraja. Wanamtafuta Mchambuzi Mkuu kwa udi na uvumba.

Kaka amerudi jioni, amekula chakula chake na changu. Kisha, Mama alipotoka, ameniambia kwamba anajua. Ijumaa aliniona chini ya shuka na simu mbili, natukanana na nafsi yangu. Alitaka kunipiga. Alilazimika kutoka nje kwanza acheke, na aliporudi hasira ilikuwa imeisha. Amesema siku mbili zile hakulala, kwa hiyo nisidhani ni mchezo. Nimemwomba msamaha. Amenitaka niape kwamba Mchambuzi Mkuu hataandika tena, hata herufi moja.

Nimeapa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mchambuzi Mkuu amestaafu rasmi. Nimejitoa kwenye kundi kabla ya chai. Moyo mweupe kabisa.

Mapumziko ya saa nne binamu amenionyesha, kwenye simu ya mwenzake, alichoandika Kinyozi: kwamba sasa basi, bure mwisho, msimu ujao tununue kila mchezaji kwa fedha taslimu. Kwa fedha zipi? Mtu mzima! Nimenyamaza. Nimenyamaza mapumziko karibu yote.

Lakini niliapa kuhusu Mchambuzi Mkuu tu. Mwalimu Mstaafu ni mtu mwingine kabisa, hajamwapia mtu. Amejiunga leo, kwa simu ya binamu na laini mpya, na ameandika kwa unyenyekevu kwamba kwenye daraja la chini timu inayojiheshimu inaweza kuanza na benchi la ufundi. Kwa mfano, kocha. Makocha huru wamejaa tele.

Kocha wetu ndiye mwalimu wangu wa hesabu, na kesho anasahihisha mitihani yetu. Lakini ule ulikuwa mfano tu. Nani atautilia maanani?

Mwenyekiti ameweka kidole gumba.