Nasi Tupigiwe King'ora cha Jioni

Komini ya Kenya, Lubumbashi
Septemba 1993

Kwa Bwana Mkuu wa King'ora, kwenye kampuni ya shaba

Bwana Mkuu,

Hunijui, lakini kwa miaka mingi tangu nilipoolewa uliniamsha kila asubuhi, kwa hiyo sisi si wageni kabisa. Naitwa Émerance Mwaba, mke wa Stanislas Kalenga aliyekuwa kwenye tanuru zenu, na mama wa watoto watatu. Nauza samaki wakavu katika soko la mtaa wetu huu wa Kenya. Naandika kwa heshima zote, na ukikuta neno kali humu, ujue limepita lenyewe.

Shida yangu ni king'ora, ile sirène yenu ya juu ya paa ambayo siku hizi iko kimya. Mlinzi wenu Jérémie, ambaye hupitia mezani pangu sokoni, ameniambia kwamba ni kizima na bado anakipangusa vumbi. Hakina ubovu wowote ila kukosa sababu ya kulia. Mimi nimekipatia sababu.

Nikukumbushe kwanza mambo yalivyokuwa. King'ora cha jioni kilipolia, mji mzima ulijua kwamba wanaume wamemaliza kazi, nami niliijua sheria yake. Niliinjika maji ya bukari, ugali wetu, kabla mlio haujaisha, nikaweka beseni la maji ya moto mbele ya kile kiti chetu kikubwa chenye mikono, nikawatoa watoto uani. Stanislas aliingia, akavua viatu, akatumbukiza miguu, akatazama ukuta. Hakuna aliyemuuliza neno. Mtoto akichokoza mwenzake nilisema, "Munyamaze, baba anatoka ku kazi." Hata jirani mwenye shida alisubiri nje mpaka bukari iive. Ilikuwa sheria nzuri na siilaumu. Mtu aliyeshinda mbele ya moto anastahili ukuta wake.

Sasa tanuru zimezimika, maduka yameporwa, noti ya asubuhi ikifika jioni haina tena nguvu, na Stanislas yuko nyumbani. Mimi ndiye ninayepanda lori hadi Kasomeno, nikanunua samaki waliotoka Kasenga, nikarudi juu ya magunia, na kesho yake nikashinda sokoni. Kwetu, anayekula anakula kutoka kwenye kapu langu. Hilo silalamiki. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna anayejua nimetoka kazini saa ngapi, mimi mwenyewe nikiwemo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi nayataja yote.

1. Mlio. Ninapoingia nyumbani hakuna kinacholia isipokuwa watoto. Kapu liko bado kichwani, na binti yangu Dorcelle keshauliza, "Mama, kisu iko wapi?" Kisu kiko mahali kilipo siku zote. Aimé, mdogo wake, anataka nihukumu ugomvi wa mchana kutwa. Stanislas naye, aliyekosa mtu wa kuzungumza naye tangu asubuhi, anataka habari zote za soko kwa mpangilio. Nilipomwambia kwamba nimechoka alinishangaa kweli, bila ubaya wowote. "Unachoka na nini? Si unaikalaka tu ku soko?" Ni kweli, Bwana Mkuu, sokoni nakaa. Lakini hata dereva wa lori hukaa, na sijasikia akiambiwa kwamba amepumzika mpaka Kasomeno.

2. Kiti. Siku moja nilikalia kile kiti kikubwa. Nilifumba macho tu. Nyumba nzima ikasimama. Aimé akauliza kama nimefiwa. Dorcelle akaleta vidonge vya kinini. Stanislas, kwa upendo, nakiri, akatoka mbio kumwita jirani yetu Mado, naye Mado akaja na majani ya kujifukiza pamoja na wanawake watano wa kikundi cha maombi. Waliomba kwa nguvu na kwa muda mrefu. Walipomaliza walikuwa na kiu, basi mgonjwa akainuka akawapikia chai.

3. Kofia. Niliona kwamba kinachokosekana ni alama, kwa hiyo nilichukua kofia ngumu ya kazini ya Stanislas iliyokuwa imetundikwa msumarini, nikaingia nayo nyumbani jioni, giza linaanza. Sitasahau utamu wake. Watoto walinyamaza ghafla. Clovis, mkubwa wao, aliniletea maji kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa. Kisha akainua macho. "Ah, kumbe iko mama," akasema, akaondoka na maji yake.

4. Mafunzo. Usifikiri kwamba hatujatafuta msaada kwingine. Parokiani alikuja mama mmoja msomi, mwenye sauti ya polepole, kutufundisha akina mama wa kazi namna ya kutuliza akili jioni. Alisema tufumbe macho, tuvute pumzi, kila mmoja afikirie mahali penye utulivu anapopapenda. Wenzangu walifikiria mbinguni. Mimi nilijiona juu ya lori, kwenye barabara ya Kasomeno, vumbi mpaka kwenye meno, kwa sababu pale juu ya magunia hakuna anayeniita mama. Niliona aibu sana kwa kulifikiria hilo. Nawapenda watoto wangu. Nilifumbua macho kabla ya wengine nikaenda kuota moto uani mwa parokia peke yangu, na sijamwambia mtu mpaka leo ninapokuambia wewe.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na ninaamini utayaona ni madogo.

King'ora kilie kila jioni saa kumi na mbili kwa ajili ya akina mama wa mji huu. Kikishalia, mama apewe kiti, beseni na ukuta, na asiulizwe kitu mpaka bukari iive, bukari ambayo itapikwa na aliyeshinda nyumbani. Mwanamume atakayeuliza kisu kiko wapi baada ya mlio, afukuzwe kazi. Nafahamu kwamba wengi wao hawana kazi, basi kwanza muwapatie, kisha muwafukuze. Jumapili kilie mara mbili, maana siku hiyo tunafanya kazi zaidi. Mama aliyetimiza miaka ishirini ya jiko apewe saa ya ukutani na mkono wa mkurugenzi, kama mlivyokuwa mkiwafanyia wanaume, na picha ipigwe.

Ukiniambia kwamba hamna umeme, sisi tuko tayari kukizungusha kwa mikono, kwa zamu, kabla ya kwenda nyumbani. Nimeng'amua kwamba hiyo nayo itakuwa kazi, na kwamba tutahitaji king'ora kingine cha kututoa kwenye kazi ya king'ora. Na ukiona usumbufu umezidi, tupeni chenyewe kabisa. Tutakibeba kwa mkokoteni mpaka sokoni na kukiweka karibu na meza yangu, ambako hakitakosa wa kukipangusa.

Naishia hapa, maana moshi umeshaniingia machoni. Msalimie mkeo, ambaye bila shaka anakijua kishindo cha viatu vyako. Nisalimie makarani wote wanaokuja ofisini ingawa hakuna cha kuandika. Na kama kuna mtu wenu anayepata habari za Kasai, amsalimie Mama Cathy, jirani yangu aliyepandishwa treni na wanawe na magodoro yake watu wa Kasai walipofukuzwa humu mjini. Ni yeye peke yake katika avenyu yetu aliyekuwa akiniambia, "Kaa kwanza, Mama Clovis."

Wako mtiifu, nikiwa nimesimama,

Émerance Mwaba

N.B. Bwana Mkuu, barua imechelewa, na nalazimika kuongeza haya.

Nilimpa Jérémie akuletee. Bahasha haikuwa na gundi, akaisoma, ikamgusa, naye hakuona haja ya kukusubiri. Jana jioni umeme uliporudi kidogo alipanda juu akakipiga, na leo amenirudishia barua.

Ilitokea kwamba jana hiyohiyo nilikuwa nimemtajia Stanislas malalamiko yangu yote, moja baada ya jingine. Aliinuka akachemsha maji mwenyewe, akayatia chumvi nyingi mno, akanionyesha kiti. Nilikaa. Hakuna aliyeita watu wa maombi. Miguu yangu ilikuwa ndani ya beseni, na nilikuwa nimeanza kuuzoea ukuta, king'ora kilipolia.

Mazoea yana taabu. Sijui niliinukaje. Mlio ulipokatika nilikuwa uani mbele ya jiko la mbabula, napepea makaa, maji ya bukari tayari motoni, na beseni limepinduka ndani ya nyumba. Nikasikia vipepeo vya makaa avenyu nzima, uani kwa huyu na kwa yule. Mado, ambaye kwake walikuwa wameshakula, alikuwa anapika upya. Hata mmoja wetu hakukumbuka kwamba ni mlio wake.

Niliporudi ndani na bukari, Stanislas alikuwa ameketi mezani, keshanawa mikono, mgongo umenyooka, na usoni alikuwa na ile sura yake ya zamani ya mtu anayetoka kazini. Sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Moyo uliniuma, Bwana Mkuu, na sikuweza kumdai kiti. Nilimpakulia. Alikula matonge mawili, akatazama nyayo zangu za maji sakafuni, na ile sura ikamtoka taratibu. Akainuka, akaokota beseni, akaenda kuinjika maji mengine. "Ikala," akasema. "Sirène inatudanganya sisi wote."

Kwa hiyo naondoa ombi langu lote, pamoja na saa ya ukutani. Tafadhali usikipige tena kwa ajili yetu, maana tutapika mara mbili na makaa ni ghali. Jérémie asiadhibiwe. Kihifadhi tu kisipate kutu, na siku mtakapowasha tanuru, kipige kwa ajili ya Stanislas. Mimi nitakisikia nikiwa kitini, na nitajitahidi nisiinuke.