Jakuzi la Upepo na Ufunguo wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa masjala ameingia kazini leo amenyooka. Naandika tena: amenyooka. Miaka miwili nimefanya kazi chini yake na nilikuwa namjua kwa utosi tu, maana mgongo wake humfanya aisalimie sakafu kabla ya kutusalimia sisi. Leo nimeuona uso wake wote. Kumbe ana kidevu!

Siri ikatoka wakati wa chai. Jana alialikwa nyumbani kwa karani mwenzangu, yule tunayemwita Kalamu Mbili kwa sababu huchomeka kalamu mbili mfukoni na kila siku huazima yangu. Ana jakuzi bustanini, lile beseni kubwa la maji moto yanayobubujika. Gumu, la kudumu, limezungushiwa sakafu ya mbao. Mkuu ameloweka mgongo humo saa nzima. Alisimulia huku akijinyoosha kama paka aliyeota jua, na Kalamu Mbili akitazama kucha zake kwa unyenyekevu wa uongo.

Nilitabasamu mpaka taya zikaniuma. Si wivu. Ni wasiwasi wa kikazi. Jumatatu ijayo jioni Mkuu anaondoka kwa likizo ya mwezi mmoja, na kabla ya kuondoka atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa kabati la chuma. Mwenye ufunguo ndiye kaimu. Kaimu hukalia kiti cha dirishani, na hata dereva humwamkia. Nimetunza rejista miaka miwili bila tone la wino kuanguka pasipotakiwa. Ufunguo ule ulikuwa wangu. Ulikuwa wangu mpaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Mchana nimekwenda duka la vifaa vya bustani. Nilipita mlangoni mara tatu kabla ya kuingia.

Majakuzi ni ya aina mbili. Gumu linataka msingi wa zege, mafundi, njia yake ya umeme na wanaume sita wa kulibeba. Litakuwa tayari baada ya wiki tatu. La upepo linakuja limekunjwa kama blanketi. Unalijaza upepo, unalijaza maji, unasubiri yapate moto. Siku moja na nusu.

Nilimuuliza muuzaji lipi lina hadhi zaidi. Akataka kujua hadhi mbele ya nani: mbele ya wageni, au mbele ya huyo ninayeshindana naye. Nilishtuka. Ina maana inaonekana usoni? Nikamwambia nitalifikiria, nikatoka haraka, nikajigonga kwenye toroli.

Gumu ni bora, hilo sikatai. Ndiyo maana linaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba shangazi ushauri. Nyumba ni yake, bustani ni yake, mawaridi ni yake, na mimi ni mpangaji asiyelipa. Nilimweleza faida za maji moto kwa mgongo wa mtu mzima. Akaniuliza kama huyo bosi nataka kumtibu au kumchemsha. Kisha akasema nifanye nipendavyo, ila waridi lake moja likivunjika nitalala na vitabu vyangu nje.

Kazini akili haikutulia. Nikafanya nilichofundishwa kufanya jambo likinitatiza: nikaliandikia dokezo. Kichwa cha habari: Uchaguzi kati ya Jakuzi Gumu na Jakuzi la Upepo. Aya ya 1, lengo: mgongo wa Mkuu. Aya ya 2, sifa za gumu. Aya ya 3, sifa za la upepo. Aya ya 4, hali ya mshindani: "Kalamu Mbili analo gumu, ingawa yeye mwenyewe ni laini, na ubongo wake ni laini zaidi." Aya ya 5, mapendekezo: la upepo, kwa sababu ya muda.

Roho ikatulia. Hakuna kitu kama aya zenye namba.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Dokezo halipo mezani. Halimo kwenye droo. Nimetafuta hadi chini ya zulia. Saa tisa alasiri nikakumbuka. Jana, nilipomaliza kuandika, mkono wangu ulifanya kazi wenyewe, kama unavyofanya kila siku kwa kila karatasi. Ukaitoboa. Ukaipa namba ya ukurasa wa faili, folio 47. Ukaifunga kwenye faili la Samani na Vifaa, ukaliweka faili kwenye trei.

Nikamkimbilia Mama Muhuri, mhudumu wetu wa mihuri, mtu mzima asiyeongea sana. Nikamwuliza lile faili liko wapi. Akasema liko kwa Mkuu, alilipandisha yeye mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekula sabuni.

"Mdogo wangu," akasema, "ukiweka kitu kwenye trei ya kwenda, kitakwenda."

Nimeenda msalani mara saba. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeikagua nukta na mikato. Sijaipa namba, wala sijaikaribia trei.

Ijumaa, 7 Machi

Faili limerudi. Nilikaa kwanza ndipo nikalifungua. Wino mwekundu, mwandiko wa Mkuu:

"Nimesoma. Hoja zimepangwa vizuri. Lugha ya aya ya 4 irekebishwe. Nakubaliana na la upepo. Nitafika Jumapili saa kumi. Kalamu Mbili naye aje, ana uzoefu. Aone na asaini."

Hajakasirika! Amesifu mpangilio! Nilikaribia kulia kwa furaha, kisha nikasoma tena mstari wa mwisho. Uzoefu! Jakuzi langu, shangazi yangu, bustani ya shangazi yangu, na bado yule anaalikwa kama mtaalamu.

Na ilibidi aone. Nikampelekea faili kwa mikono miwili. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika aya ya 4 midomo ikasimama. Akaazima kalamu yangu, akasaini, akafunga faili.

"Laini, eh?" akasema. Basi. Nilitamani anitukane.

Jioni nikanunua la upepo. Suti ya kukaimia, niliyokuwa naiwekea akiba, itasubiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma maelekezo mara tatu kabla ya kugusa pampu. Ukurasa wa 2: liwekwe mahali tambarare. Ukurasa wa 6: usikalie ukingo. Nimepigia mstari yote kwa rula.

Kujaza upepo kulichukua nusu saa, kujaza maji kulichukua mchana mzima. Shangazi alivuta kiti akatazama kama yuko uwanjani. Kila nilipoinama alitoa maoni. Likiwa nusu alisema linafanana na tairi lililoshiba. Lilipojaa alisema linafanana na mimi siku niliyopata ajira.

Kusema kweli ni zuri. La buluu. Nikiligonga linaitikia "dum". La Kalamu Mbili likigongwa litasema nini? "Ko." Sauti ya jeneza.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi kamili Mkuu akafika, taulo shingoni. Kalamu Mbili akafika naye, ndani ya gari moja! Roho ikanichoma, nikawakaribisha. Mkuu akaingia majini, Kalamu Mbili nyuma yake. Mkuu akafumba macho, akatoa mguno ambao sijawahi kuusikia ofisini. Akasema hili linambembeleza mtu, lile gumu linamsukuma mgongo kama ukuta wa benki. Alisema hivyo mbele ya Kalamu Mbili. Ningekufa dakika ile ningekufa na raha zangu.

Kisha akafumbua jicho moja, akaniangalia mimi, akaanza: kuhusu ule ufunguo wa kabati.

Kalamu Mbili hakutaka kupitwa. Akajiinua kutoka majini ili asogee karibu na Mkuu. Kwake amezoea kukaa ukingoni, na kwake ukingo ni ukingo. Nikamwona anageuza makalio. Nikaukumbuka ukurasa wa 6. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja, hata mawili. Nikanyamaza. Nilitaka aanguke mbele ya Mkuu. Aanguke yeye tu.

Ukingo ukakunjika kama mdomo wa kikongwe. Maji yote yakatoka kwa mpigo, na Mkuu akatoka nayo. Alipita mbele yangu amekaa, bado amefumbua jicho moja, akavuka njia ya changarawe, akaishia kwenye mawaridi.

Shangazi akaenda akamshika kwapa. Akamwambia pole baba, akaongeza kwamba mawaridi yalikuwa yanahitaji maji, hayakuwa yanahitaji bosi. Wakamtoa miiba pamoja, shangazi na Kalamu Mbili. Mimi nilishika taulo.

Alipoondoka alikuwa ameinama kuliko zamani. Utosi tu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu Mkuu akatuita wote. Alizungumza na sakafu. Ufunguo alikuwa nao mkononi, nao ulikuwa unang'aa. Mimi na Kalamu Mbili tulisogea mbele kwa pamoja, mabega yakagongana.

"Nampa mtu ambaye Jumapili sikumwona," akasema Mkuu.

Akampa Mama Muhuri. Akaupokea, akautia uzi, akauvaa shingoni, akarudi kugonga mihuri. Wala hakutabasamu. Mimi ningetabasamu, na nimejizoeza.

Amri yake ya kwanza kama kaimu: folio 47 itolewe, si jambo la ofisi. Na kwa kuwa faili haliwezi kuruka kutoka 46 kwenda 48, niandike maelezo ya kwa nini ilikuwemo, yakae mahali pake. Nimeandika aya tisa. Amenirudishia. Anataka mstari mmoja.

Usiku huu nalala chumbani, kwa rehema ya shangazi. Mawaridi matano yamevunjika, lakini amesema vitabu vyangu vinatia huruma.

Jumanne, 11 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu msomi. Lazima kuwe na sababu. Mtu hapewi ufunguo hivi hivi. Leo nimemchunguza Mama Muhuri tangu asubuhi, na saa sita kasoro robo nikaigundua: viatu. Anavaa viatu vya soli ya mpira. Akitembea hasikiki. Mgonjwa wa mgongo hapendi makelele! Miaka yote miwili visigino vyangu vilikuwa vinaniangusha, na mimi nahangaika na majakuzi.

Mkuu atarudi baada ya mwezi. Muda upo.

Mchana nikakimbia duka la viatu. Kalamu Mbili alikuwa amekaa tayari, soksi nje, anajaribu jozi nyeusi ya soli ya mpira. Hatukusalimiana. Nimemwambia muuzaji anipe nyeusi kuliko zile.