Dhahabu Chini ya Sakafu ya Bibi Maeng

Tak Mansu alikuwa amesimama kwenye kibanda cha keki za samaki, kijiti kimoja mdomoni na kingine mkononi, aliposikia habari iliyomfanya asahau kutafuna.

"Okbun wa hapo ng'ambo uzee umemwingia kichwani," mwanamke mmoja aliyempa mgongo alikuwa anamwambia muuzaji. "Zile pete zote za dhahabu alizomkusanyia kitukuu, kazificha chini ya kapeti la chumbani. Halafu kazikalia. Benki hataki hata kuisikia."

"Za kumtunza mtoto akitimiza mwaka?" muuzaji akauliza, akimwongezea supu.

"Za mtoto, za mama wa mtoto, na za bibi wa mtoto. Na boila lake la kupasha sakafu joto limekufa, maskini. Mtu yuko juu ya dhahabu na meno yanamgongana."

Mansu alimeza bila kutafuna. Wako watu huitwa wakiwa kanisani, wengine huitwa kwenye hekalu la mlimani wakiwa wamefunga kula. Yeye aliitwa mbele ya sufuria ya supu, na akaitika papo hapo.

Ni haki tumweleze mtu huyu, na haitachukua muda. Alikuwa na kigari cha bluu, kipaza sauti juu yake, na jaketi lenye jina la kampuni ambayo haikuwahi kuwepo. Kila majira ya baridi alizunguka mitaa ya mji wa Wonju akipita kwanza nyuma ya nyumba, kwenye vibaraza yanakowekwa maboila, na kuchomoa waya wa sensa, kile kidude kinachopima joto la maji. Boila likikosa sensa halijui kama maji ni ya moto au ya baridi, na kama mtu yeyote mwenye busara, linaacha kazi. Ndani ya nyumba namba ya hitilafu inaanza kuwaka kwenye kidhibiti cha ukutani. Hapo ndipo Mansu anapopita mbele, kipaza sauti kikiimba: "Maboila, maboila, boila linalokohoa, boila lililonuna." Akiitwa, anaonyesha kiboksi kipya cha sensa kinachong'aa, anageuza mgongo, anarudisha waya uleule, anachukua chake. Ndani ya kiboksi mlikuwa na hewa. Miaka yote hiyo hakuwahi kutengeneza boila hata moja, na hakuna boila lililowahi kumshinda.

Sasa, msomaji mwenzangu, wewe si Mansu, kwa hiyo wewe naweza kukuambia. Yule mwanamke wa kibandani aliitwa Gu Malsun, wa ghorofa ya pili, juu ya huyo Okbun, na mwaka uliopita alikuwa amenunua kiboksi kimoja cha ile hewa. Alimjua Mansu kwa kisogo. Na alikuwa ametumwa.

Asubuhi hiyo Bibi Maeng Okbun alikuwa amepiga simu kwa mafundi wote wa mji. Baridi ilikuwa imeua maboila kila mtaa, na kila fundi alimjibu vilevile: labda wiki ijayo, bibi. Lakini mjukuu wake Hyeyon alikuwa njiani na mtoto. Mtoto anatimiza mwaka leo, ndiyo kwanza kifua kimepona, na Hyeyon alikuwa amesema waziwazi kwenye simu: "Bibi, sakafu ikiwa baridi sitamshusha hata garini. Tutageuza, twende ukumbini kwa wakwe." Bibi Maeng alikuwa ameng'arisha sakafu ile kwa magoti. Mama yake Hyeyon alijifunza kutambaa pale, Hyeyon mwenyewe akajifunza pale. Ukumbini kwa wakwe kulikuwa na zulia la kukodi.

"Mafundi waaminifu wana foleni," Malsun alimwambia. "Wezi hawana."

"Wewe unataka mwizi ndani ya nyumba yangu?"

"Mwambie mwizi kuna dhahabu, atafika kabla sijapanda ngazi."

"Na kama kutengeneza hajui?"

"Atajua tu, dada. Dhahabu inafundisha."

Na kweli, Malsun aliporudi kutoka kibandani, kabla hajamaliza kuvua viatu, nje kipaza sauti kikaanza kuimba.

Mansu alivua viatu mlangoni, soksi moja iliyotoboka ikamwaibisha kwa kidole gumba, akaingia akiinama. Bibi Maeng alikuwa amekaa kwenye kona ya heshima, pale ambapo siku njema joto huwa kali kuliko kote, amefungwa mablanketi kama mzigo wa kusafirishwa.

"Mama," akasema Mansu, maana kila mwenye pochi kwake alikuwa mama, "nimesikia boila linalia tangu barabarani."

"Una masikio mazuri, mwanangu."

"Ugonjwa uko chini ya sakafu. Hapo hapo ulipokaa. Nakuomba usogee kidogo nifunue kapeti."

"Ningesogea," akasema Bibi Maeng kwa huruma ya kweli, "ila magoti yangu yakipata baridi hayanyooki. Yapashe joto kwanza, nitasimama mpaka nicheze."

Mansu akatabasamu. Hilo lilikuwa jambo dogo. Akatoka kibarazani, akagonga boila mara kadhaa, akakohoa kitaalamu, akachomoa waya wa sensa, akaurudisha, akaingia akifuta mikono.

"Limepona."

"Namba bado inawaka," akasema Malsun, aliyekuwa ameketi anamenya kiazi kitamu huku anaangalia tamthilia.

Mansu akatazama ukutani. Namba ilikuwa inawaka. Akarudi nje, akachomoa, akarudisha, akaingia. Namba ikamkonyeza. Alijisikia kama mganga wa uongo aliyemkemea pepo asiyekuwepo, halafu pepo akamjibu kwa jina lake.

Boila lilikuwa bovu kweli. Halikuharibiwa naye. Hakujua hata pa kuanzia.

"Mama, hili limekwisha," akajaribu. "Litazikwa tu. Lakini tufunue sakafu kwanza, tuone..."

"Kwanza joto."

"Lakini joto litatoka wapi kama..."

"Wewe ndiye fundi, mwanangu. Mimi ni mtu wa magoti tu."

Angeweza kuondoka. Alikaribia kabisa kuondoka. Lakini akatazama ile kona, akaona namna mablanketi yalivyovimba, akaona moyoni mwake pete zimelala mle kama mayai chini ya kuku, akarudi kibarazani na bisibisi.

Akafungua kifuniko cha boila. Kwa mshangao wake, ndani yake palikuwa na maandishi. Karatasi ndogo ilikuwa imegandishwa pale, na siku zote alikuwa anaigeuzia mgongo. Akasogeza pua. Namba ile, karatasi ikasema, ni hitilafu ya sensa ya maji ya moto. Kitu fulani kikaanza kuamka kichwani mwake: kozi ya jioni aliyowahi kuhudhuria majuma mawili kwa ajili ya chakula cha bure. Mwalimu alikuwa na sauti ya kusinzisha. Zima umeme. Funga gesi. Halafu ndipo uguse.

Akazima, akafunga, akagusa. Sensa ilikuwa kipande kidogo cha shaba kama punje ya harage, kimebanwa kwenye bomba, na nyaya mbili zikitoka kama sharubu. Akaja nayo ndani mkononi, ameibeba kama kifaranga.

Shingoni alikuwa na mita ya kupimia umeme. Aliivaa kila siku kwa ajili ya heshima, haikuwa na betri.

"Naomba rimoti," akasema.

"Tamthilia yangu," akasema Malsun.

"Jirani, kuna mgonjwa hapa."

Betri zikatolewa kwa manung'uniko. Mita ikawaka. Mansu akashika nyaya, akakuna kichwa, akakumbuka tena. Sensa nzima ukiipasha joto, namba kwenye mita inashuka. Sensa iliyokufa haisemi kitu. Tatizo ni kwamba nyumba nzima hapakuwa na kitu cha moto isipokuwa mwenye nyumba.

Akapiga magoti.

"Mama, naomba kwapa lako."

Malsun akaweka chini kisu cha viazi.

"Fundi wa mwaka jana hakuomba kwapa," akasema Malsun.

"Wa mwaka jana alikuwa tapeli," akasema Mansu bila kuinua macho.

"Hata mimi nilimshuku."

Bibi Maeng akafunua blanketi la kwanza, la pili, na sweta, akaipokea sensa kwapani kwa utulivu wa mtu aliyezaa nyumbani. Wakangoja. Mita haikusema kitu.

"Imekufa?" Bibi Maeng akauliza. Hapo sauti yake ilibadilika, akatazama saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anaigiza. "Mwanangu, niambie ukweli. Mtoto anakuja. Nyumba ikiwa baridi hawashuki garini."

Mansu alikuwa na viboksi vingi ndani ya kigari. Viboksi vizuri, vya kung'aa. Angetoa gari lake lote apate sensa moja ndani ya kimoja.

"Usitikisike," akasema.

Akaanza kuukunja waya taratibu, kipande kwa kipande, toka mwisho kuelekea shaba. Karibu kabisa na shingo ya sensa, mita ikaruka. Akakunja tena. Ikaruka tena, ikazima.

"Haijafa," akanong'ona. "Waya umekatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje mzima, kwa ndani umekatika."

"Kama mume wangu marehemu," akasema Malsun.

Mansu hakucheka. Alichuna ngozi ya waya kwa ncha ya kisu cha viazi, akasokota nyuzi, akafunga tepu, ulimi umemtoka pembeni kama mwanafunzi. Sensa ikarudi kwapani. Mita ikatoa namba. Halafu namba ikashuka. Ikashuka tena.

"Inashuka," akasema Mansu.

"Ni vibaya?"

"Ni vizuri. Tazama, inashuka. Inakujua, mama. Inajua una joto." Na macho yake yakafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga: yakalowa.

Akairudisha sensa kwenye bomba lake, akaibana, akafunga kifuniko, akafungua gesi, akawasha umeme. Boila likabofya, likavuta pumzi, na moto wa bluu ukasimama. Ndani, namba ukutani ikazimika.

Wakakaa wote watatu wanangoja sakafu ipate joto. Malsun akampa kiazi. Mansu akakila huku anatazama miguu ya Bibi Maeng, na kidole chake mwenyewe ndani ya soksi iliyotoboka kikawa cha kwanza kupata habari.

Nje gari likasimama, injini inanguruma bado. "Bibi," sauti ya Hyeyon ikaita kutoka garini, "sakafu ikoje?"

Bibi Maeng akasimama. Magoti yalilia, lakini yalinyooka. "Zima gari," akajibu akielekea mlangoni, "uje uiguse mwenyewe." Malsun akamfuata mbio.

Mansu akabaki peke yake na ile kona.

Dhamiri, wasomaji wangu, tutaizungumzia siku nyingine. Aliruka, akashika ncha ya kapeti la plastiki, akalivuta, akaingiza mkono hadi kiwiko. Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto. Akainama akachungulia. Chini ya kapeti palikuwa na saruji tupu, imefutwa vumbi kwa uangalifu, na joto. Joto jingi, zuri, linapanda kutoka kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya saruji, linamwingia viganjani na kwenda mpaka mabegani. Hapakuwa na kingine. Na lile joto alilitengeneza yeye.

Alikuwa bado amepiga magoti vile, mkono ndani, mlango ulipofunguka. Hyeyon akaweka kiganja sakafuni, akafunga macho kidogo kama mtu anayetua mzigo, akamvua mtoto koti na kumshusha. Mtoto akafikiri. Halafu akatambaa chumba kizima, matako juu, mate yanadondoka, akapita meza yenye keki za mchele bila kuigeukia, akafika kwenye ile kona, akakaa kwenye joto, akaupiga mkono wa Mansu kofi la urafiki.

"Huyu ni nani?" Hyeyon akauliza.

"Fundi," akasema Bibi Maeng. "Anakagua kazi yake." Kisha akamtazama Mansu, si kwa hasira, wala si kwa mshangao hata kidogo. "Funika, mwanangu. Joto linatoka."

Mansu akafunika. Akalilaza lile kapeti vizuri, akalikandamiza kwa kiganja ili mtoto asijikwae, na wakati anafanya hivyo akawa anaelewa, polepole, jambo moja baada ya jingine, mpaka masikio yakawa mekundu.

Hawakumpa nafasi ya kuondoka. Wakampakulia supu ya mwani, wakamjazia keki za mchele mpaka mifukoni, mtoto akalala kwenye paja lake akiwa ameshika mita. Alipoamua hatimaye kwamba aibu yake imeshiba, akainuka na kuaga kwa kuinama mara nyingi kuliko ilivyotakiwa.

Malsun akamsindikiza hadi mlangoni.

"Boila langu nalo linawasha namba," akasema. "Tangu jana. Na mwaka jana niliuziwa kiboksi cha hewa."

"Pole sana, mama," akasema Mansu akitazama chini.

"Mafundi wanasema wiki ijayo." Malsun akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini huko kwangu kuna mkufu wa dhahabu. Mzito. Nimeuficha ndani ya mtungi wa kabichi ya kimchi."

Mansu akamtazama. Malsun naye akamtazama, uso mkavu kama sahani. Kule ndani mtoto alikuwa ameamka, anapiga sakafu kwa viganja, na watu wanacheka.

Mansu akachukua mfuko wake wa vifaa.

"Mtungi upi?" akauliza, akianza kupanda ngazi.