Nguruwe wa Mwanyumba Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba wangu kaua nguruwe mwitu mwingine. Kwa mshale mmoja, wanasema. Kinyozi! Mtu ambaye juzijuzi tu hakujua upinde unashikwa upande gani. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ndiye niliyemwingiza katika kikundi chetu cha wapiga upinde, kwa kuwa ameoa dada wa mke wangu na nilitaka mtu wa kunishangilia. Sasa wenye mashamba ya viazi wanampungia mkono barabarani. Mimi, fundi cherehani wao, wananiuliza suruali zao zimefikia wapi.

Mezani mke wangu kasema shemeji yake ana shabaha. Nikamwambia hata mimi nina shabaha. Akaniongezea mchuzi. Iliniuma sana.

Fundi bomba, kiongozi wetu, anahama mji. Jumapili tunachagua kiongozi mpya. Nafasi ni yangu! Nimeisubiri tangu kikundi kilipoanza. Utepe wa kuvaa begani nimeshaushona, kwa kipimo cha bega langu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwake kunyolewa. Nywele zenyewe sina, nilikwenda kupeleleza. Siku hizi pale hakuna habari za mpira. Kila anayekaa kitini anasimuliwa nguruwe. Na jamaa hajisifu, hilo ndilo linalonichoma! Anasema ni bahati tu. Anasema nguruwe haoni vizuri ila pua yake ni balaa, kwa hiyo ukae mahali upepo unakupiga usoni na usioge sabuni ya kunukia, basi. Kisha akawaambia wateja kwamba mwalimu wake ni mimi. Wote wakanigeukia. Mmoja akacheka.

Nimerudi na kipara kinachong'aa na roho nyeusi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nyota yangu imewaka! Mwanyumba kaja dukani na koti lake la kuwindia. Limechanika kwapani. Kaomba nimshonee kabla ya msako wa Jumamosi. Na ana mafua! Hawezi kunusa hata moshi wa jikoni kwake. Nikampa pole nyingi. Nikamwambia aje kesho. Ni mteja wa kwanza maishani mwangu ambaye kesho yake itakuwa kesho kweli.

Alipotoka nikafumua bitana. Nikaweka pamba, nikailowesha manukato ya mke wangu, yale anayopaka akienda harusini tu. Juu yake nikashona kiraka, mshono mdogomdogo, mara mbili. Sijawahi kushona vizuri hivyo. Koti likipata joto la mwili, nguruwe watamnusa kutoka ng'ambo ya bonde. Atarudi mikono mitupu, kikundi kizima kinamwangalia, na keshoye ni uchaguzi.

Sina kinyongo naye. Nataka tu apumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi.

Alfajiri tulipangwa kandokando ya shamba la viazi. Mwanyumba kwenye kichaka cha juu, mimi chini bondeni. Nikahama! Nilitaka kumwona kwa macho yangu akikosa nguruwe. Nikajibanza kwenye mti mmoja, nikamkodolea macho yeye, viazi nikavipa mgongo. Mara nikasikia kundi linakuja, likikoroma. Likasita. Limenusa! Nikachekelea moyoni. Kumbe dume lao limekata kona kukwepa lile koti, likazunguka mbali. Mkoromo wa pili nikausikia nyuma ya visigino vyangu.

Nikavuta upinde. Mshale ukaingia kwenye shina la mti wangu mwenyewe. Nikaupanda mti huohuo. Nilikuwa katikati pale meno yalipofika kwenye suruali, na hayakuishia kwenye suruali. Nilitoa ukelele ambao sitauandika hapa. Mwanyumba akaja mbio huku akipiga chafya, akasimama, akaachia. Mshale mmoja tena! Dume chini.

Kisha akanibeba mgongoni mpaka barabarani. Njia nzima pua yangu ilikuwa ndani ya kazi ya mikono yangu.

Kwetu, dada wa mke wangu akamkumbatia mumewe kwa furaha. Akamwachia. Akamuuliza anayenukia hivyo ni nani. Yeye na mafua yake akauliza kunukia vipi. Mke wangu akasogea, akanusa, akarudi nyuma. Dada mtu naye akamtazama, maana harusi zote wanakwenda pamoja na harufu ile anaijua. Mwanyumba akaapa hajui lolote. Kwa sauti ile ya pua iliyoziba, hata mimi nilimwona mwongo.

Nikaona nikikaa kimya, kwisha habari yake. Nani atamchagua mtu wa namna hiyo? Nilikaa kimya. Lakini dada mtu akamuuliza mke wangu wameanza lini. Mke wangu akaanza kulia. Hapo nikashindwa. Nikachukua mkasi, nikafumua bitana, pamba nikaitoa mbele ya wote.

Mwanyumba akacheka mpaka akakohoa. Akasema kiraka kile angezikwa nacho bila kujua. Akasema yamekwisha.

Mke wangu hakucheka. Hasemi nami.

Jumapili, 9 Machi

Wamemchagua yeye. Mikono yote juu, na wangu pia, kwa sababu fundi bomba alikuwa ananitazama. Utepe umemkaa sawasawa. Akasimama akaomba mtu yeyote asinicheke kwa habari ya manukato. Akasema binadamu tunateleza, na kwamba angependa niwe msaidizi wake. Makofi! Mama mmoja mwenye shamba akajifuta machozi. Mke wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema huo ndio uungwana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda nimelala kifudifudi juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikitafakari. Nimeliona kosa langu. Nilihangaika bure na nguruwe! Anachonizidi mwanyumba si upinde. Ni kusamehe. Kanisamehe mara moja tu, hadharani, na mji mzima unamwimba.

Lakini kusamehe mimi naweza zaidi yake. Nitasamehe kwa machozi. Nitamkumbatia. Mke wangu nitamkalisha mstari wa mbele. Maneno ya kusema nimeshayapanga, ni matamu, yamenitoa machozi mwenyewe. Kilichobaki ni yeye kunikosea, na yule mtu hakosei mtu!

Itabidi nimsaidie. Kesho nakwenda kunyolewa ndevu. Wembe ukifika shavuni, nitageuza kichwa ghafla.