Korongo Mwenye Kifuko cha Machozi

Abu Turki wa mtaa wa Malaz, Riyadh, alikuwa na ugonjwa wa matajiri: kupenda vitu vya watu wa mbali. Safari hii ilikuwa ngao za panga za Kijapani, vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya makali na mpini ili vidole vya mwenye upanga visikatike. Mafundi wa kale walivichonga mawimbi na ndege mpaka macho yakawafifia. Abu Turki alivitundika sebuleni, akawa anavisalimu kabla ya watoto wake.

Dereva wake Dalmas, mzaliwa wa Busia, akaviangalia vile visahani akaona mlango. Mkataba wake ulikwisha zamani, lakini ruhusa ya kutoka nchini hutolewa na kafili, yule mwajiri aliyekudhamini, na Abu Turki kila akiombwa alijibu, "Bukra," yaani kesho. Huko nyumbani mchumba wake Maureen alikuwa amekwisha kusema: Krismasi ikimkuta peke yake, ataolewa na mwalimu mkuu mwenye pikipiki.

Alipotumwa Jeddah na mizigo, Dalmas alipitia Al-Hindawiyah kwa Alfayo, Mkenya mwenzake anayechomelea mageti.

"Nichongee kisahani cha upanga chenye korongo wa Kijapani."

"Mimi najua wale wa Nyayo Stadium tu, bro."

"Korongo ni korongo. Chonga!"

Alfayo akakata kifuniko cha tangi la maji, akachonga, akakiloweka kwenye siki na chumvi mpaka kikapata kutu ya heshima. Korongo akatoka vilevile anavyokaa juu ya miti ya Nairobi: kipara, mabega ya mzee mdai, na mfuko unaoning'inia shingoni.

"Na hiki cha shingoni?" aliuliza Abu Turki, Dalmas alipomletea Riyadh kama kitu cha kale, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni.

"Kifuko cha machozi, baba," alisema Dalmas bila kumeza mate. "Fundi alifiwa na mkewe. Akachonga dume na jike, kisha akavunja patasi. Jike akapotea. Huyu anamlilia mpaka leo."

Abu Turki akapangusa jicho. "Unataka nini?"

"Exit tu, baba."

"Halas. Wiki hii."

Dalmas akamnunulia Maureen blanketi zito, akafunga sanduku, akaaga jirani hadi jirani. Masikini, alikuwa na furaha ya kweli. Ndipo bosi akamwita sebuleni. Ukutani, korongo hayupo.

"Nimemuuzia shemeji yangu," alisema Abu Turki akicheka. "Kifuniko kizuri, wallahi! Nyuma jina la kiwanda cha matangi bado linasomeka."

Dalmas akautazama ukuta mtupu. "Baba... ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini ile hadithi! Nilimsimulia neno kwa neno, akalia kama mtoto. Sasa anamtaka jike. Exit mafi, hakuna, mpaka jike apatikane. Yalla, Jeddah!"

Mwerevu hajinyoi, walisema wahenga, nao hawakuwahi hata kuwa na kafili.

Kule Al-Hindawiyah Alfayo aliwasha mashine, akauliza, "Na huyu mke, naye nimtie kifuko?"

"Mtie viwili," alisema Dalmas, akikalia sanduku lake. "Kimoja changu."