Midomo ya Msemaji

Jumatatu, 3 Julai

Nimechaguliwa! Ukoo umekaa sebuleni kwangu baada ya alasiri, na wote wamekubali (mmoja alikohoa tu) kwamba mimi, Sadick, ndiye msemaji wa posa ya Twalib. Twalib ni mtoto wa marehemu kaka yangu, naye ni mwalimu huko Njombe. Amempata binti wa hukohuko, Esha. Hana mwingine wa kumsemea ila mimi. Nikivuruga, kijana wa watu kakosa mke. Ila kusema ni kazi yangu: hapa Kilwa Masoko misiba na harusi za mtaa mzima natangaza mimi, bila kipaza sauti. Mdomo ninao.

Msaidizi ni shemeji Huseni, kaka wa mke wangu. Yeye atasema endapo mimi nitapata udhuru. Hiyo "endapo" aliitamka kwa mahaba kabisa.

Kisha Twalib akapiga simu. Baba mdogo, njoo na koti zito, huku asubuhi majani yanaamka meupe. Nikacheka. Simu ilipokatika nikaacha kucheka. Yanaamka meupe?

Huseni aliwahi kukaa Mbeya siku tatu, mwaka tisini na nane, na huisimulia safari ile kama aliyehiji. Akasema ngozi ya mtu wa pwani ikifika kule hupasuka kama jaruba la mpunga lililokauka, na huanzia midomoni. Anamjua mtu wa Kivinje aliyerudi kutoka huko, mama yake mzazi akamwuliza anamtafuta nani.

Nimejitazama kwenye kioo. Midomo mizuri, minene, laini. Nimeionea huruma.

Jumanne, 4 Julai

Mpango! Mwili hufunzwa. Jirani yetu Bi Siti anauza barafu za ubuyu na ana friza kubwa la kulala. Nikamwomba niwe naingiza uso humo dakika tano asubuhi na tano jioni. Akauliza kama naumwa jino. Nikamwambia hapana, najiandaa kwenda posani. Hakuuliza tena.

Dakika ya kwanza, shwari. Ya pili, pua sina. Ya tatu nikaona niifunze midomo yenyewe. Nikaigusisha kwenye ukuta wa friza.

Ikabaki hukohuko! Imeganda! Nilitaka kupiga ukelele lakini ukelele nao unataka midomo. Nikapiga mateke. Niliiona kabisa maiti yangu ikioshwa pamoja na friza lake. Bi Siti akaja na birika la chai ya tangawizi, ndiyo iliyokuwa karibu, akanimwagia taratibu kama anayenyweshea mchicha. Nimetoka. Kipande cha ngozi ya mdomo wa chini kimebaki kwa Bi Siti.

Mke wangu Mwanahija kasema dukani kuna mafuta ya mgando, kikopo kidogo tu, watu wa bara wote wanapaka hayo na wanaishi. Haiwezekani. Huseni ameshanunua hayohayo. Msemaji hawezi kupaka mafuta ya msaidizi wake.

Jumatano, 5 Julai

Sikulala vizuri kwa hofu, lakini hofu imenipa akili. Nimejiuliza: ni kitu gani hapa pwani kinakaa kwenye jua, upepo na chumvi mwaka mzima bila kupasuka? Mashua! Na mashua hupakwa nini? Sifa, mafuta ya ini la papa!

Nikaenda kwa fundi Maftaha anayetengeneza mashua. Akaniuliza, shehe, nikupake tu au tuanze na kukutia kalafati kuziba matundu? Vijana wake wakacheka mpaka wakaweka nyundo chini. Nikachovya mkono kwenye kopo lake. Nikajipaka uso, shingo na masikio.

Ile harufu siwezi kuiandika. Paka watatu walinisindikiza hadi mlangoni, na mmoja simjui kabisa. Mwanahija alinisimamisha uani akanisugua kwa sabuni ya kufulia mara tatu, akisema kwamba kama nataka kuozesha, nianze na posa, nisianze na uso. Halafu akanionea huruma. Amenipa chupa ya mafuta ya nazi aliyopika mwenyewe, maangavu kama maji ya kisima. Haya ndiyo! Mababu walipaka haya. Huseni hana.

Ijumaa, 7 Julai

Njombe. Tumefika. Tulitoka jana alfajiri, tukapita Mingoyo, tukalala Songea. Kila kilima tulichopanda nilishika midomo.

Baridi hii si ya kusimuliwa. Ina meno. Nilimwamkia bibi mmoja stendi, mvuke ukanitoka mdomoni. Moshi! Nikadhani naungua ndani kwa ndani. Twalib kasema ni pumzi tu, Baba mdogo. Pumzi yangu nimekaa nayo miaka hamsini na mbili, haijawahi kuonekana.

Huseni amekataa koti. Anasema yeye na baridi wanajuana tangu Mbeya. Lakini nimemwona akimkumbatia kuku wa mwenye nyumba tuliyofikia.

Nimeoga maji ya moto sana mara nne ili ngozi ihifadhi joto. Sasa imekauka inavuta kama ngozi ya ngoma mpya. Nikicheka nasikia sauti.

Posa ni kesho saa nne.

Jumamosi, 8 Julai, asubuhi

Balaa! Nimeamka kwa sala ya alfajiri, nikachukua chupa nipake. Hayatoki. Nikaitikisa. Kimya. Nikaipeleka dirishani: meupe! Magumu! Mafuta ya mke wangu yamegeuka mshumaa.

Nikawaza, ni nani anayefaidika nisipoweza kusema? Nikamwendea Huseni. Nikamwambia waziwazi kwamba amenibadilishia mafuta kwa nta ili apate "endapo" yake. Akaapa kwa Mungu, kwa watoto wake na kwa yule kuku. Kisha akaitazama chupa vizuri, na uso wake nao ukabadilika. Akanong'ona kwamba huu si mkono wa mtu mwema, kuna asiyetaka harusi hii. Tukasoma Ayatul Kursiyu mara saba, tumekaa bega kwa bega. Baada ya hapo akanipa kikopo chake cha mgando, nipake.

Mbona ukarimu wa ghafla? Nimekataa. Nimeitia chupa yangu mfuko wa ndani wa koti, iwe ushahidi. Naenda na midomo mikavu. Ee Mola, nifunike.

Jumamosi, jioni

Naandika nikiwa bado na koti mwilini.

Nyumbani kwa akina Esha kulikuwa na watu kama ishirini. Katikati jiko la mkaa. Baba mkubwa wa binti, Mzee Mgaya, mtu mkubwa asiyecheka, akatukaribisha. Dua ikasomwa. Akasema wageni tuseme kilichotuleta. Twalib alikuwa amekaa pembeni akinikazia macho kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo kwa salamu.

Ukapasuka. Palepale pa friza! Damu ikadondoka kwenye kanzu nyeupe, tone moja, la pili. Mama mmoja akajifunika kanga usoni. Msemaji anatoka damu mbele ya posa! Nilimwona Twalib akifumba macho.

Nikamgeukia Huseni. "Endapo" yake hiyo imefika! Akasimama. Lakini meno yalikuwa yakigongana kwa baridi, hata "bismillahi" yake ilitoka vipande vipande. Mzee Mgaya akauliza kwa upole kama ndugu ana homa. Huseni akakaa.

Hapo akili ikaniruka. Nikasema, kwa pembe ya mdomo, kwamba sisi tumefanyiwa kitu, na ushahidi huu hapa, nikachomoa chupa nikaiinua juu. Maangavu! Maji matupu! Nikaiachia. Huseni akaidaka, akaona anachokishika, naye akaiachia.

Chupa ikabingirika hadi miguuni pa Bi Batuli, bibi yake Esha. Akaiokota, akainusa. Akauliza kama asubuhi yalikuwa yameganda. Tukaitikia kwa vichwa. Akauliza kama chupa ilikaa mfukoni, karibu na jiko. Tukaitikia. Yule bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa. Akasema huku hata mafuta ya kupikia huganda, kila asubuhi wanayaweka kando ya moto kwanza. Je, Kilwa hamna baridi kabisa? Chumba chote kikaangua kicheko, hata Mzee Mgaya, na kicheko chake kilitikisa vikombe.

Bi Batuli akanivuta kando ya jiko, akatoa kikopo cha mgando kwenye pindo la kanga, akanipaka midomo kwa kidole kama kichanga kilichotoka kuogeshwa. Akaniambia sasa sema, mwanangu, lakini usiipanue sana.

Nikasema kwa mdomo mdogo. Posa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: tumekuja kuomba undugu, kijana wetu huyu hapa, hana baba ila ana sisi hivi mnavyotuona.

Mzee Mgaya akatazamana na bibi. Bibi akasema watu waliokuja na woga wote ule na bado wakafika, hao wanamtaka mtoto kwelikweli. Imekubaliwa! Harusi Januari, itafanyika kwetu Kilwa. Twalib alinikumbatia, nikamwambia taratibu, mdomo.

Jumamosi, 15 Julai

Nyumbani. Midomo imepona. Mtaa mzima sasa unaniuliza mambo ya hali ya hewa, nami najibu.

Leo Mzee Mgaya amepiga simu. Hawajawahi kushuka pwani, na wamesikia joto la Kilwa mwezi wa Januari humvua mtu ngozi. Ana hofu. Akataka ushauri kwangu mimi, mzoefu. Nimemwambia dawa ni moja: mwili hufunzwa. Kila siku nusu saa kando ya jiko, koti mwilini, madirisha yamefungwa. Huseni akaninyang'anya simu, akasema nusu saa haitoshi, iwe saa nzima. Tumebishana. Tumekubaliana robo tatu. Mzee anaanza kesho na ukoo wake wote, watu ishirini na wawili.

Nina hofu moja tu iliyobaki, na imeninyima raha tangu adhuhuri. Wakishafunzwa miezi sita namna ile, si watafika hapa wasikie baridi? Nimemwambia Mwanahija aanze kukusanya mablanketi.